Maji ya Mbugani na Hofu ya Urani: Pima Kwanza, Ndipo Uchimbe

Leo naomba tuweke pembeni viwavijeshi na bei ya alizeti, tuzungumze juu ya maji. Yale unayochota asubuhi, unayompa mtoto, unayomwagilia nyanya zako na kunyweshea ng'ombe.

Kuna swali ambalo sisi maafisa ugani wa huku Manyoni tunaulizwa sana, na halipo kwenye mafunzo ya kilimo tuliyosomea chuoni. Naulizwa mnadani, naulizwa kwenye mikutano ya kijiji, naulizwa na akina mama wakiwa kwenye foleni ya madumu: "Bwana shamba, ni kweli maji yetu yana urani?"

Watu wengi hujibu swali hili kwa njia mbili. Wa kwanza husema, "Hakuna kitu, ni maneno ya watu." Wa pili husema, "Tumekwisha, ardhi yote ni sumu." Majibu yote mawili ni rahisi, na yote mawili yanaweza kukugharimu. Ukilishika la kwanza utachimba kisima popote. Ukilishika la pili utaacha shamba zuri, au mnunuzi ataukataa mzigo wako kwa hofu tu. Mimi pia ninaishi hapa na watoto wangu wanakunywa maji ya hapa, kwa hiyo nilitaka jibu ambalo naweza kulitumia nyumbani kwangu. Nitakueleza nilichojifunza na namna ya kukitumia.

Urani ilifikaje kwenye mbuga zetu

Kwanza tukubaliane kwamba swali hili si la kijinga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege za utafiti zilipita juu ya nchi yetu zikipima miamba na mionzi yake. Kwenye miaka ya 2000 kampuni ya Australia iitwayo Uranex ilifanya utafiti wa urani hapa Manyoni na kwa jirani zetu wa Bahi. Wengi wenu mliona magari na mashimo yale. Baada ya ajali ya kinu cha Fukushima kule Japani, Machi 2011, bei ya urani duniani ilishuka na shughuli zikapoa. Mgodi haukufunguliwa, lakini maneno yalibaki.

Kitu cha kuelewa ni kwamba urani hiyo haikuletwa na kampuni. Ilikuwepo kabla ya babu wa babu zetu. Mawe makubwa ya granaiti unayoyaona huku kwetu yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na granaiti kwa kawaida ina urani kidogo ndani yake. Mvua inaponyesha, maji yanapita kwenye nyufa za mawe yakiwa na hewa na gesi ya ukaa. Maji ya namna hiyo huyeyusha urani kidogo kidogo na kuibeba, kama yanavyobeba chumvi.

Sasa fuata maji hayo yanakokwenda. Sehemu kubwa ya kwetu maji hayafiki baharini. Yanateremka kwenye mbuga na mabonde yaliyojifunga, kama lile bonde kubwa la Bahi lililo chini ya ukingo wa Kilimatinde na Saranda. Yakifika pale hayana pa kutokea. Jua linayanyonya, maji yanapaa angani, na vilivyokuwa ndani yake vinabaki chini: chumvi, chokaa, na pia urani. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka na utapata tabaka la udongo mweupe wa chokaa lenye madini ya manjano ndani yake, mita chache tu toka juu ya ardhi. Ndiyo maana watafiti walichimba mbugani, wakaacha milima.

Mama anayechemsha maji ya chumvi ya mbugani mpaka yakauke anafahamu habari hii kuliko mtaalamu yeyote. Jua letu linafanya kazi ya sufuria yake, ila bila haraka.

Kwa hiyo jibu la kweli la lile swali ni hili: inategemea kisima chako kiko wapi, kina urefu gani, na umepima mwezi gani. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa.

Wenzetu wa visiwa vya mbali

Nilipoanza kusoma habari za mionzi na maji ya ardhini, nilikuta mafundisho mazuri yametoka mahali usipopategemea: visiwa vidogo vya matumbawe kwenye bahari ya Pasifiki, nchi ya Visiwa vya Marshall. Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu ya nyuklia kule, 23 katika kisiwa cha Bikini na 43 katika Enewetak. Wenyeji walihamishwa. Wao walipata uchafu wa mabomu, sisi tuna madini ya asili, na mambo hayo mawili usiyachanganye. Lakini maji yana tabia moja dunia nzima.

Somo la kwanza ni la kifuniko. Kwenye kisiwa cha Runit, Enewetak, kati ya mwaka 1977 na 1980 udongo uliochafuka ulikusanywa ukatupwa ndani ya shimo lililoachwa na bomu, kisha ukafunikwa kwa zege zito lenye umbo la kuba. Juu pamezibwa vizuri. Chini hapakuzibwa. Kisiwa cha matumbawe kina matundu kama sifongo, basi bahari inapojaa na kupwa, maji yaliyo ardhini chini ya kuba nayo yanapanda na kushuka. Wanaopima pale hawaangalii zege peke yake. Wanachukua maji ya ardhini yanayolizunguka kuba na ya bahari iliyo jirani, na wanarudia tena baadaye.

Kwako wewe maana yake ni hii: kusakafia kisima na kukiwekea mfuniko ni jambo jema sana, kunazuia kinyesi na maji machafu ya juu. Lakini hakuzuii kinachokuja na maji toka chini. Kisima kinaweza kupendeza kwa saruji mpya na bado maji yake yakahitaji kupimwa.

Somo la pili ni la kupampu. Kwenye visiwa vya matumbawe, na hata kwetu Zanzibar na Mafia, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi ardhini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Ukivuta maji matamu kwa pupa, chumvi inapanda toka chini. Mbugani kwetu hakuna bahari, lakini mara nyingi maji ya juu ni mazuri kidogo na ya chini yana chumvi. Ukiweka pampu kubwa na kuvuta kutwa nzima, usishangae maji yakibadilika ladha kabla kiangazi hakijaisha.

Somo la tatu ni la mkulima kabisa. Wenyeji wa Bikini walianza kurudi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini mwaka 1978 ikabidi waondolewe tena. Kilichowaondoa kilikuwa ndani ya chakula chao, hasa nazi. Udongo wa matumbawe una potasiamu kidogo mno, na minazi ikitafuta potasiamu ilikuwa inakunywa siziamu yenye mionzi, kwa kuwa mmea unaziona kama ndugu. Wataalamu walipomwaga mbolea ya potasiamu, siziamu ndani ya nazi ilipungua kwa kiasi kikubwa sana. Udongo ulikuwa uleule, ila mti ulishiba kitu sahihi.

Urani haifanyi kama siziamu. Mimea huchukua urani kidogo, na sehemu kubwa inabaki kwenye mizizi. Lakini funzo linabaki: udongo, maji na mazao ni mambo matatu, na kila kimoja kinapimwa peke yake. Mtu asikuambie "ardhi ina urani, kwa hiyo mtama wako ni sumu." Mwambie, "Nionyeshe kipimo cha mtama."

Kikundi cha akina mama na hela moja

Nikupe mfano wa karibu. Kuna kikundi cha akina mama wa bustani katika kijiji kimoja ninachokihudumia. Walikuwa na akiba ya kikoba pamoja na mauzo ya karanga za misimu miwili, wakataka kisima. Walikuwa na maeneo mawili mbele yao. La kwanza liko mbugani, maji yako karibu, kuchimba ni rahisi. La pili liko juu, karibu na mawe, maji yako mbali na lazima mashine ije. Tofauti ya gharama ilikuwa kubwa, na wengi walitaka mbugani.

Mwenyekiti wao aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Bwana shamba, hela yetu ni moja. Tukiiweka mahali pabaya hatuna nyingine."

Kabla ya kwenda maabara tulikwenda kwa wazee. Nilimwamkia mzee mmoja anayekaa ukingoni mwa ile mbuga, akaitikia, nikamuuliza juu ya maji ya pale. Akasema, "Mwanangu, pale ng'ombe wanakunywa. Sisi tulikuwa tunapita." Nikamuuliza kwa nini. Akasema maji ya pale hayaivishi maharage wala hayatoi povu la sabuni, na kiangazi yanakuwa mazito mdomoni. Hakutaja urani wala floridi, lakini alikuwa amekwisha kutupa nusu ya majibu: maji yaliyojaa chumvi na chokaa.

Kwa kuwa kisima chenyewe kilikuwa hakijachimbwa, tulipima majirani zake. Tulichukua maji ya kisima cha kienyeji cha pale mbugani, na maji ya pampu ya mkono ya zamani iliyoko upande wa juu. Tulichukua mara mbili, mwezi wa nne mvua zinapoisha na mwezi wa kumi kiangazi kikiwa kikali. Akina mama walichangishana gharama za maabara. Wapo waliolalamika kwamba tunachelewesha kazi kwa msimu mzima, na malalamiko yao yalikuwa na haki, kwa sababu msimu mmoja bila kisima ni mboga ambazo hazikuuzwa na ada ambazo hazikulipwa.

Majibu yalipokuja, kila mtu alikuta kitu ambacho hakukitarajia. Maji ya mbugani mwezi wa nne yalikuwa na urani chini kabisa ya kikomo. Mwezi wa kumi ilikuwa imepanda, bado chini ya kikomo lakini imekisogelea. Chumvi ilikuwa nyingi mara zote mbili, kiasi kwamba kumwagilia kwa maji yale miaka miwili mitatu kungeua udongo wa bustani. Maji ya juu yalikuwa na urani kidogo sana misimu yote, lakini floridi ilizidi.

Hapo ndipo chumba kilipokaa kimya. Watu walikuja wakiogopa urani, wakakuta adui aliye karibu zaidi ni floridi, ile inayowatia watoto wa mkoa wetu meno ya kahawia na ikizidi miaka mingi huharibu mifupa. Hiyo haina gazeti linaloitangaza.

Waliamua kuchimba upande wa juu. Maji ya kisima ni ya bustani, kufua na kuoga. Maji ya kunywa na kupikia, hasa ya watoto na wajawazito, ni ya mvua toka kwenye bati. Waligharamia zaidi na bado walilazimika kununua matangi kwa zamu. Haikuwa rahisi, na wapo wawili waliojitoa. Lakini hela yao moja iko mahali ambapo wanajua kilichomo.

Namna ya kupima bila kudanganywa

Sasa tuje kwako. Nitaanza na onyo. Usimwamini mtu anayekuja na kikasha kinacholia tik-tik, akakiweka juu ya ndoo, akakwambia maji yako salama au si salama, kisha akakuuzia dawa. Kikasha kile kinafaa kupima mionzi hewani na juu ya udongo. Urani iliyomo ndani ya maji ya kunywa hutoa zaidi mionzi ya alfa, ambayo huzuiwa hata na karatasi. Kiasi kinachoweza kuathiri afya ni kidogo mno kusikika kwa kikasha. Maji yanapimwa maabara.

Fuata hatua hizi:

1. Uliza historia. Waulize wazee nani alikunywa wapi, na kwa nini waliacha. Uliza kama pana mashimo ya utafiti ya zamani karibu.

2. Pima kina cha maji kila mwezi. Chukua kamba, piga fundo kila nusu mita, funga uzito safi mwishoni. Shusha asubuhi kabla watu hawajaanza kuchota. Andika kwenye daftari tarehe na kina. Baada ya mwaka mmoja utajua kisima chako kinashuka kiasi gani kiangazi, na daftari hilo litamsaidia mtaalamu kuliko maelezo ya mdomo.

3. Chukua sampuli vizuri. Kwanza iulize maabara, maana kila kipimo kina chupa yake, na baadhi hutiwa asidi kidogo ili urani isigande kwenye kuta za chupa. Kazi ya asidi waachie wao. Kama ni pampu, vuta kwanza kwa dakika kadhaa ili utoe maji yaliyolala kwenye bomba. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, isipokuwa ya vijidudu au iliyokwisha kutiwa asidi. Jaza mpaka juu, funga, andika jina la kisima, tarehe, saa na kina. Weka mahali pa baridi na uifikishe haraka. Usitumie chupa ya soda wala dumu la mafuta.

4. Pima misimu miwili. Kipimo cha mwezi wa nne peke yake hakikuambii habari ya mwezi wa kumi.

5. Omba vipimo kwa majina. Chumvichumvi, floridi, naitreti, vijidudu, urani, na kama inawezekana jumla ya mionzi ya alfa na beta. Ukisema tu "nipimie maji," watapima ya kawaida na urani haitakuwemo.

Pa kuanzia ni ofisi ya RUWASA ya wilaya, ambayo ndiyo wakala wa maji vijijini tangu mwaka 2019, na maabara ya maji ya Wizara. Kwa upande wa mionzi mwenye mamlaka ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Ina ofisi Arusha na Dodoma. Nendeni kama kijiji au kikundi, na barua ya serikali ya kijiji. Barua ya watu mia husomwa haraka kuliko ya mtu mmoja.

Na kabla ya kuchimba kisima kirefu, pata kibali cha bodi ya maji ya bonde lenu. Upande unaoteremkia Bahi uko Bonde la Kati, ofisi iko Singida. Upande wa kusini unaopeleka maji mto Kizigo uko Bonde la Rufiji.

Kusoma karatasi ya majibu

Wafanyabiashara mtanielewa haraka hapa, kwa sababu ni habari ya vipimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha urani katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 30 kwa lita. Mikrogramu 1,000 ni miligramu moja. Kwa hiyo mikrogramu 30 ni sawa na miligramu 0.03. Maabara moja inaweza kuandika 30 na nyingine 0.03, na zote zinasema kitu kilekile. Kabla ya kuogopa au kufurahi, angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba.

Floridi kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Naitreti ni miligramu 50. Jumla ya alfa ni bekereli 0.5 kwa lita, na beta ni bekereli 1. Ikizidi hapo haina maana umekwisha kudhurika. Maana yake ni kwamba wataalamu wanatakiwa kuchunguza zaidi, waseme ni madini gani hasa.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: urani ya kwenye maji inaogopwa zaidi kwa kuchosha figo, kama zinavyofanya metali nyingine nzito, kuliko kwa mionzi yake. Kwa hiyo mwenye shida ya figo, mtoto mchanga na mjamzito ndio wa kulindwa kwanza.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi urani wala floridi. Maji yakipungua sufuriani, vinabaki vimekolea zaidi. Dawa ya klorini nayo ni ya vijidudu tu. Endelea kuvitumia kwa kazi yake, usivitwishe kazi nyingine.

Tumia bati lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la mita 40 za mraba, mwaka wa mvua ya milimita 500, ukitoa inayopotea, litakupa kama lita 16,000. Familia ikitumia lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia tu, kiangazi cha siku 210 kinahitaji lita 4,200. Tangi la lita 5,000 linatosha. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, ndipo ukinge, na maji hayo yatibu vijidudu kabla ya kunywa.

Usichukue udongo wa kwenye mashimo ya utafiti kufyatulia tofali au kukandikia nyumba. Urani inapooza hutoa gesi iitwayo radoni, isiyo na harufu, na hujikusanya ndani ya nyumba iliyofungwa. Nyumba zetu za tembe ni nzuri kwa joto, lakini toboa madirisha na yafungue kila asubuhi. Dawa ya radoni ni hewa, na hewa haiuzwi.

Wajawazito wanaokula udongo nao niwaambie. Mke wangu alipokuwa mjamzito alitamani udongo kama wanawake wengi, na mimi sikumcheka. Tulikwenda kliniki akapewa vidonge vya kuongeza damu, hamu ikapungua. Udongo mweupe wa mbugani usiuweke mdomoni, na usiuuze sokoni.

Karoti, viazi vitamu na karanga osha udongo wote, na viazi vimenye. Ni tabia nzuri popote, na kwenye udongo wa mbuga ina faida zaidi.

Kwa mwenye mzigo sokoni

Mfanyabiashara mmoja wa asali aliniambia mnunuzi toka mbali alimuuliza, "Hii si ya kule kwenye urani?" na bei ikashuka papo hapo. Ukigombana naye kwa maneno utashindwa, kwa sababu hofu haina bei ya chini. Jibu lake ni karatasi. TAEC hupima mionzi kwenye vyakula na kutoa cheti. Kama unauza nje ya nchi, ulizia mapema kabla hujafunga mzigo. Kama mnauza ndani lakini kwa wingi, alizeti, korosho au asali, chama chenu kinaweza kupimisha sampuli ya msimu na kutunza nakala. Gharama mkigawana ni ndogo kuliko kupunguziwa bei kila gunia.

Na wewe unayenunua toka kwa wakulima, usiitumie hofu hiyo kushusha bei huku ukijua huna kipimo. Ni dhuluma kama ya mizani mibovu.

Ndugu msomaji, ardhi hii haitabadilika kwa maombi ya kampuni wala kwa kelele zetu. Urani huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu, kwa hiyo haituondokei. Tunachoweza kuamua ni wapi tunachimba, tunakunywa nini, na tunaandika nini kwenye daftari. Wiki hii anza na kamba yenye mafundo na daftari la shilingi chache. Pima kina cha kisima chako, andika tarehe. Tukikutana kwenye mkutano ujao wa kijiji, njoo nalo tulisome pamoja.

Kazi njema, na mvua ikinyesha, usisahau kukinga.